Ukitoka Majini Usipande Mbeya

Matema, Jumanne 3 Septemba

Nimefika jana na kompresa, na kompresa imefika na afya kunizidi. Kule Ipogolo, Iringa, nilikuwa najaza upepo kwenye matairi ya malori. Hapa kazi ni ile ile, ila upepo unaingia kwenye mitungi ya chuma, na watu wanaivaa mgongoni wanazama nayo Ziwa Nyasa. Tairi likipasuka, dereva anakutukana. Hapa, kwa alivyonieleza bosi wangu, nikikosea hakutabaki mtu wa kunitukana.

Bosi ni dada Esnath. Kwao Tukuyu, amesomea samaki, na kupiga mbizi alijifunzia Mafia kwenye matumbawe. Mwenzake ni Gerson wa Mbalizi, mrefu, mpole, anayecheka kwa pua. Wana msimu huu mmoja, kabla mvua hazijashusha matope ya mito, wa kuhesabu samaki wa mwamba ulio mbali na ufuko, chini ya milima ya Livingstone. Fanueli, nahodha wetu kutoka Ikombe, anasema wavuvi wanauita Kigoda. Kwa juu huoni kitu. Ni mlima mzima ambao kilele chake kimeishia njiani, ndani ya maji.

"Hata baharini iko hivyo," Esnath aliniambia. "Milima imezama, imevaa matumbawe. Huu wetu uko uchi."

Alhamisi 5 Septemba

Nimepewa sheria. Nyingi ni za usafi: nisishike valvu nikiwa na grisi mkononi, mdomo wa kompresa usivute moshi wa injini. Hizo nimezielewa. Iliyonishinda ni moja: aliyezama leo haruhusiwi kupanda mlima mpaka kesho, saa kama ile ipite. Tukuyu hapana. Mbeya ndiyo kabisa.

Nikauliza kwa nini. Esnath akachukua soda ya Fanueli bila kuomba, akaitikisa.

"Kule chini maji yanakubana. Hewa unayovuta inapenya mpaka kwenye damu, inatulia humo. Ukipanda taratibu, inatoka yenyewe kwa amani. Ukikurupuka..." Akaifungua. Fanueli alilowa mpaka mapajani. "Na ukienda Mbeya siku hiyo hiyo, ni kama umefungua kizibo mara ya pili. Hewa ya kule ni nyepesi."

Nikamwambia nimeona matairi yakipanda kutoka Ipogolo mpaka Iringa mjini miaka yote na sijasikia lililopasuka kwa hewa nyepesi. Akasema mtu si tairi. Nimeliandika, nitalifikiria.

"Na soda yangu?" Fanueli akauliza.

Jumapili 8 Septemba

Mahubiri marefu. Wali mwingi.

Jumapili 15 Septemba

Simu ya Gerson imekufa upande wa sikio, kwa hiyo akiongea na ndugu zake tunaongea wote. Leo alipiga dada yake mkubwa, Tupokigwe, kutoka Mbalizi. Ana sauti ya mtu mrefu.

"Tata anakuulizia."

"Nitakuja, dada."

"Lini?"

"Jana nilizama. Leo siwezi kupanda."

"Gerson, mbasa wanavuliwa huko alfajiri, mchana nawakuta sokoni Mbalizi wamelala kwenye beseni. Wao wanapandaje?"

"Wale wamekufa, dada."

"Basi na wewe nikamwambie umekufa?"

Akakata. Gerson akacheka kwa pua, kisha hakucheka tena mpaka jioni.

Jumatano 18 Septemba

Nimejua habari ya huyo Tata, yaani baba yao. Anaitwa Mzee Yotamu, mkulima wa viazi na kahawa kwenye vilima vya Mbalizi, mzee wa kanisa, moyo wake umevimba na kifua kimejaa. Hospitali wamemrudisha nyumbani na vidonge, na ndugu wameelewa maana yake. Gerson ndiye mtoto wa kiume wa kwanza. Kwao mzee hafi vizuri mpaka huyo wa kwanza amekaa mbele yake, akawekewa mkono kichwani, akaambiwa ya kuambiwa. Asipokuwepo, maneno yanabaki ndani ya marehemu na nyumba inayumba. Fanueli, ambaye kwao ni jirani na mila hizo anazijua, alisikiliza akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia bei ya chumvi.

Jumatatu 30 Septemba

Asubuhi moshi mweusi ulisimama katikati ya ziwa. Nikadhani boti inaungua. Kumbe ni wadudu, mawingu mazima ya wadudu. Tumewala kidogo bila kupenda.

Tupokigwe alipiga. Maneno yale yale.

Jumamosi 5 Oktoba

Upepo wa kusini umekataa kulala tangu Alhamisi. Hakuna aliyezama. Yaani tangu jana Gerson angeweza kupanda Mbeya, kurudi, na kupanda tena. Amekaa anafua. Amefua na nguo zangu.

Mimi si mtu wa kuingilia mambo ya watu, nayaangalia tu. Nilivyoyaangalia, nimeona kwamba ile sheria ya dada Esnath imekuwa nyumba ya Gerson. Anajificha humo.

Jumapili 13 Oktoba

Nilimuuliza. Tulikuwa tunasuuza mitungi.

"Gerson, unaogopa mlima au unamwogopa mzee?"

Akasuuza mtungi ambao ulikuwa umeshasuuzwa.

"Tata akiniona anauliza kitu kimoja. Kazi yako iko wapi? Mdogo wangu akilima, watu wanapita wanaona shamba. Shemeji akijenga, watu wanaona ukuta. Mimi nimwonyeshe nini, Aroni? Nywele mbichi?"

"Mwonyeshe picha."

"Nilimwonyesha. Akasema picha za samaki hata kwenye kalenda zipo."

Mimi nauza upepo, sina pa kusimama kumcheka mtu ambaye kazi yake haionekani.

Jumatatu 14 Oktoba

Sikukuu ya taifa. Samaki hawakuambiwa, tumefanya kazi.

Jumatano 23 Oktoba

Mvua imenyesha milimani. Mto umeanza kushusha maji ya chai ya maziwa, na mstari wake unasogea kuelekea Kigoda. Esnath anasema msimu umekwisha. Bado vipimajoto vilivyofungwa kwenye miguu ya mwamba, chini kuliko walikowahi kufika wiki hizi zote. Kesho wanavitoa.

Nimejaza mitungi mara mbili ya siku zote. Nilipomaliza nilikuta Gerson amekaa ufukoni na simu mkononi, haipigi.

"Keshokutwa nikishakausha vifaa, naenda," akasema. "Nimeamua. Akiuliza kazi iko wapi, nitamwambia imekwisha."

Alhamisi 24 Oktoba

Nitaandika kwa utaratibu.

Walizama asubuhi maji yakiwa yametulia kama yamepigwa pasi. Esnath alikuwa ametueleza kabla: kwa kina kile, kupanda kunataka vituo. Unapanda kidogo, unaning'inia kwenye kamba unasubiri, unapanda tena. Kazi yangu botini ni spana. Nikiigonga mfululizo kwenye ngazi ya chuma iliyozama nusu, wao kule chini wanasikia, na maana yake ni moja: acheni yote, njooni.

Mtandao wa pale ni wa bahati. Mara nyingi simu inanikaribisha Malawi. Leo ya Gerson ikaita.

"Mpe Gerson," alisema Tupokigwe.

"Yuko chini, dada. Huyu ni Aroni, fundi."

"Mwite."

"Dada, yuko chini sana."

"Aroni, nisikilize. Tata amekataa uji tangu jana. Amesema hataongea na mtu mpaka mkubwa wake akae mbele yake. Anaangalia mlango tu. Nakuomba umwite."

Ile sauti niliyozoea kuisikia ikigomba ilikuwa inaomba. Spana nilikuwa nayo mkononi. Niliangalia mapovu yao yanavyopanda, madogo chini, makubwa juu, yakifika yanapasuka. Fanueli aliniangalia mimi. Nikijua ninavyomjua Gerson, akisikia chuma kinalia na siku zote hizi ana baba yake kichwani, asingesimama kwenye kituo hata kimoja. Niliweka spana kwenye benchi nikaikalia.

"Akitoka nitamwambia, dada. Hatakawia."

"Unaitwa nani tena?"

"Aroni."

"Nimelishika," akasema, na mtandao ukaenda zake Malawi.

Walitoka baada ya muda ambao sitaki kuukumbuka. Nikamwambia akiwa hajavua hata mtungi. Aligeuka akaangalia milima. Esnath ndiye aliyesema.

"Kesho mchana. Nitakupeleka mwenyewe, Gerson. Gari nitakodi mimi."

"Kesho mchana atakuwa ananisubiri wapi?"

Fanueli aliiwasha injini taratibu.

Ufukoni alikwenda moja kwa moja kwenye gari la mtu anayepeleka kakao Mbeya, nywele zinadondoka maji. Esnath alinipa mkoba wa oksijeni ya dharura, ile chupa ya kijani tunayoifuta vumbi kila Jumatatu.

"Nenda naye. Akisema anaumwa popote, hata ukucha, geuza gari. Usibishane naye."

Mpaka Ipinda, kwenye tambarare, alikuwa sawa. Kwenye migomba ya kwanza, mlima unapoanza, alianza kujikanda kiwiko. Akasema alibeba mtungi vibaya. Kufika kwenye mashamba ya chai ilikuwa bega. Nilimwambia dereva ageuze, Gerson akasema, "Ukigeuza, nashuka natembea," na mimi, aliyeambiwa asibishane, nikabishana. Tulibishana mpaka tukaipita Tukuyu. Hapo akaomba asimame ajisaidie. Alifungua mlango, akaweka mguu chini, na mguu ukamkataa. Alianguka katikati ya mikungu ya ndizi ya akina mama wanaouzia wasafiri.

"Ni ganzi tu," akasema akiwa amelala. "Dereva, twende."

Watu wakajaa. Mama mmoja akamshika kichwa. "Mpelekeni Mbeya, hospitali kubwa iko Mbeya, mnangoja nini?" Dereva akasema ndiyo, ni mbele tu, lami nzuri. Kijana wa pikipiki akajitolea kutangulia asafishe njia. Kila mtu alikuwa na huruma, na kila huruma ilikuwa inaelekeza juu.

"Tunarudi ziwani," nikasema.

"Unamrudisha mgonjwa bondeni?" yule mama akaniuliza. "Wewe ni nani yake?"

"Ni fundi kompresa."

Ningeweza kuchagua jibu lingine. Walinitazama kama mwizi wa ndizi. Nilimvalisha Gerson kinyago cha oksijeni, nikamburuta ndani, nikamwambia dereva kwamba kakao yake nitainunua mimi yote kama atageuza sasa. Akageuza. Sina hela ya hata gunia moja.

Gerson alilia njia nzima, na haikuwa kwa maumivu. Kadiri tulivyoshuka, mguu ulirudi kidogo kidogo: kidole, kifundo, goti. Sikufurahi kama nilivyotegemea.

Hospitali ya hapa Matema wamemlaza na oksijeni. Daktari aliongea kwa simu na mtaalamu wa wapiga mbizi. Chumba cha kutibu ugonjwa huu kiko upande wa baharini, na njia zote za kwenda huko zinapanda kwanza. Kwa hiyo alale hapa hapa, chini, siku nyingi. Akaambiwa waziwazi: kwenda Mbeya wiki hii ni kwenda kupooza.

Gerson akaomba simu. "Dada," akasema, "siwezi kuja." Alitaja hospitali aliyolazwa, sababu hakueleza, na kwa mara ya kwanza Tupokigwe hakuuliza.

Ijumaa 25 Oktoba

Mchana pikapu ilisimama mbele ya hospitali. Nyuma kulikuwa na godoro, mito, mablanketi, na katikati yake mzee mwembamba amevaa koti la kanisani. Mwanamke mfupi kabisa aliruka chini. Nilimtambua alipofungua mdomo.

"Wewe ndiye Aroni?"

"Ndiye, dada. Pole na safari."

"Usinipe pole. Huyu amewagombanisha watu wote nyumbani. Alfajiri ameagiza koti lake. Baba mdogo Samwel amesema mgonjwa hatolewi nyumbani, anarudishwa nyumbani. Unajua amejibu nini? Kama mtoto hawezi kupanda, mimi sijakatazwa kushuka."

Tulimbeba kwenye kiti. Uso ulikuwa umevimba chini ya macho, pumzi fupi, lakini macho yenyewe yalikuwa yanafanya kazi yote. Gerson alijaribu kunyanyuka kitandani, mzee akamzuia kwa kidole.

"Ugonile, mwanangu."

"Ugonile, Tata."

Kisha wakaendelea kwa Kinyakyusa, taratibu, mzee akiweka mkono kwenye kile kichwa ambacho sasa kilikuwa kikavu. Mimi ni Mhehe wa Ipogolo, ila maneno mengi nayapata. Ningeweza kujifanya sielewi nikabaki. Nilitoka nikasimama na Esnath barazani. Alikuwa anauma kucha, bosi wangu, kama mwanafunzi.

"Ningemfunga kamba, Aroni," akasema. "Jana. Ningemfunga kwenye boti."

Kumbe huyu mtu niliyemwona chuma wiki zote hizi hajalala.

Baadaye mzee akaomba apelekwe ufukoni. Gerson akaruhusiwa kwenda kwa kiti cha magurudumu, chupa yake mapajani. Mzee alivua viatu, akaomba ashushwe, akasimama mchangani akiegemea binti yake. Alikuwa hajawahi kulifikia ziwa hili maishani mwake, mtu wa Mbalizi, na kila siku anakula samaki wake.

"Kazi yako iko wapi?" akauliza.

Tupokigwe akasema, "Tata, leo muache."

"Nauliza ili nione."

Gerson akanyoosha mkono kule ambako mstari wa maji ya matope ulikuwa umeshafika. "Pale. Chini yake kuna mlima."

"Mkubwa?"

"Kama ule wa nyuma ya shamba letu. Na samaki wanakaa kwenye mawe, kila jiwe na wake. Ukisogea anatoka kukufukuza, Tata, na ni mdogo kama kidole."

Mzee alitazama sana. Kisha akageuka kwangu. "Na wewe ndiye unayemjaza upepo."

"Ndiyo, mzee."

Akataka auonje. Nilimletea mtungi uliobaki, nikaupangusa mdomo wa bomba kwa shati, nikamwekea. Alivuta, ikatoa ule mlio wake. Akavuta tena. Akavuta nyingi kuliko nilivyodhani anaweza.

"Hewa ya wapi hii?"

"Ya hapa hapa, mzee."

"Nzuri," akasema. "Haya, nirudisheni. Nimekuja kuona, sikuja kufia ugenini."

Waliondoka jua likiwa bado juu.

Jumapili 27 Oktoba

Amefariki asubuhi, nyumbani kwake, kabla ya kengele ya ibada. Alikuwa amekunywa uji.

Jumatatu 28 Oktoba

Gerson anatembea na fimbo. Daktari ameulizwa mara nyingi, na jibu halibadiliki: asipande. Mazishi ni kesho. Kwao udongo wa kwanza unatupwa na mtoto wa kiume wa kwanza, na mwingine hashiki koleo mpaka yeye ameshatupa.

Jioni nilimwona amechuchumaa ufukoni kwa shida, pale alipokanyaga baba yake. Alijaza mchanga kwenye kitambaa cha kitenge, akafunga.

"Wewe hujazama," akaniambia. "Wewe unaweza kupanda."

Mbalizi, Jumanne 29 Oktoba

Naandika kwenye benchi la nyuma ya nyumba ya marehemu, wanawake wanaosha masufuria.

Nilifika watu wameshajaa. Baridi ya huku niliisahau. Kaburi lilikuwa kwenye kona ya shamba, udongo mwekundu umelundikwa. Nilimpa Tupokigwe kitenge nikamweleza. Aliupima uzito wake mkononi, akaenda kwa baba yake mdogo Samwel, mdogo wa marehemu, ambaye leo ndiye mkubwa wa ukoo.

Mzee Samwel hakuupenda. "Mchanga wa ziwani haumziki mtu wa milimani," akasema, si kwa sauti kubwa, lakini watu walinyamaza. "Na huyo mwenye mchanga yuko wapi? Mtoto anayeshindwa kuja kumzika baba yake, sisi tungoje kitenge?"

Nikategemea Tupokigwe aseme lile alilomwambia Gerson msimu mzima, kwamba hata mbasa wanapanda. Alikuwa na haki ya kulisema, lilikuwa lake.

"Baba mdogo," akasema, "Tata alivua viatu akaukanyaga huu, mimi nimemshika. Gerson alijaribu kuja, mguu ukafa njiani. Kama ni kosa la kutofika, nimemsema mimi miezi yote, inatosha. Naomba kwa heshima zote, asitangulie mtu."

Mchungaji aliangalia kitabu chake. Mzee Samwel aliangalia kaburi muda mrefu, halafu akaweka koleo lake chini na kurudi nyuma hatua moja.

Nilimpigia Gerson, nikaweka sauti ya nje, nikanyoosha simu juu ya shimo. Watu hawakuguna. Tupokigwe alipiga magoti, akafungua fundo kwa meno.

"Huyu ni Gerson, Tata," akasema.

Akaumimina.

Simu ilikaa kimya, nikadhani mtandao umeondoka.

"Aroni," akasema Gerson. "Bado?"

"Tayari."

"Sijasikia kitu."

"Mchanga wako ni laini," nikamwambia. "Umeingia wote."

Mzee Samwel aliokota koleo lake. Madongo mekundu yakaanza kushuka juu ya sanduku, mazito, moja baada ya jingine, na hayo niliyaacha ayasikie mpaka la mwisho.